TAA YA INJINI IKIWAKA, DEREVA ASIHUKUMIWE BILA SHAHIDI



Siku hizi iko kesi ya namna mpya inayoletwa mbele ya tawi letu. Dereva aliyetumwa Kakuma anarudi Lodwar na gari lisilo na nguvu, taa ya injini inawaka. Gari linapakiwa juu ya lori na kupelekwa Kitale, karibu kilomita 300. Huko yasemwa kwamba chujio la moshi limeziba. Mwisho wa mwezi dereva anakuta mshahara wake umekatwa, na sababu iliyoandikwa ni maneno mawili tu: uzembe wa dereva.

Sisi twauliza: nani aliyemhukumu, na kwa ushahidi gani?

Kwanza na tuelewe jambo lenyewe. Zamani ekzosi ilikuwa bomba na silensa, basi. Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo wengi wetu tulijifunzia kazi, zina pampu ya diseli isiyotegemea kompyuta. Fundi alitumia sikio, macho na spana. Magari mapya ya diseli siyo hivyo. Ndani ya bomba la moshi mna chujio linalonasa masizi. Masizi yakizidi, kompyuta ya injini huongeza diseli ili moshi upate joto la kiasi cha digrii 600, masizi yaungue. Kazi hiyo yataka gari liende mwendo wa barabara kuu, kwa kawaida kama dakika 20, bila kusimama. Likizimwa katikati, kazi haikumalizika.

Sasa tazameni kazi yetu ilivyo. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na baadaye yakaongezwa makazi ya Kalobeyei. Gari linatoka ofisini asubuhi, linakwenda polepole mpaka mahali pa mgao wa chakula, linasimama. Injini inanguruma saa nzima ili waliomo ndani wapate baridi, kwa maana jua la Turkana twalijua sote. Kisha linakwenda zahanati, linasimama tena. Siku nzima bomba halipati moto wa kutosha. Chujio litaacha kuziba namna gani? Na dereva akiomba ruhusa alitoe gari kwenye barabara ya Lodwar apate kuunguza masizi, aambiwa anapoteza mafuta ya watu!

Lakini shahidi yupo, naye ni kompyuta yenyewe. Kosa likitokea, huandika namba. P2463 maana yake masizi yamejaa mno. P2002 maana yake chujio halifanyi kazi yake sawasawa. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ya injini dakika ile ile: mwendo wa gari, joto, na mzunguko wa injini. Magari mengine huweka pia hesabu ya kilomita tangu masizi yalipounguzwa mara ya mwisho. Mtu akiyasoma hayo yote anaweza kuona kama gari lilikuwa likikimbizwa ovyo au lilikuwa limesimama tu likinguruma kwa amri ya mkubwa.

Ila namba si hukumu. Namba ile ile yaweza kuletwa na mpira mdogo wa kupimia presha uliopasuka, au sindano ya diseli inayovuja, au turbo inayopitisha oili. Fundi anayenunua chujio jipya kwa kuwa ameona namba, bila kukagua mipira na waya, ni kama daktari anayekata mguu kwa sababu mgonjwa amesema unauma. Na fundi anayeifuta namba kabla ya kuiandika amemfukuza shahidi kabla ya baraza kukaa.

Hapa nasi tujikosoe. Wako wenzetu wanaolikata chujio na kulitupa, kisha kompyuta inadanganywa isiwashe taa. Tajiri anafurahi, gari linakwenda. Lakini moshi ule unarudi kwa nani? Unarudi kwa fundi aliye chini ya gari, kwa turniboi, kwa mwendesha bodaboda aliye nyuma, na kwa watoto wetu kando ya njia. Mwezi wa Juni 2012, idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa diseli huleta saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Mwanachama asikubali kazi hiyo, wala asikubali kupima injini inayonguruma ndani ya banda lililofungwa.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini iwe imeharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kusimamisha gari ulipoamriwa kulisimamisha si kosa la makusudi.

Kwa hiyo twataka mambo manne:

1. Namba na hesabu zote zisomwe mbele ya dereva na fundi, ziandikwe, na dereva apewe nakala, kabla ya kufutwa na kabla ya shilingi moja kukatwa.

2. Kila mwajiri mwenye magari ya namna hii anunue skana kamili, iwekwe Lodwar au Kakuma. Skana ndogo isomayo namba tu haitoshi. Haiwezi kuamuru chujio liunguzwe.

3. Mafundi wapelekwe mafunzoni kwa gharama ya mwajiri, wapate cheti.

4. Safari ya kuunguza masizi ihesabiwe kuwa kazi, na mafuta yake yatolewe.

Wanachama, taa ikiwaka, andikeni siku hiyo hiyo: saa, mahali, na nani aliyeamuru injini isizimwe. Leteni karatasi tawini.

Lokitaung, katika Turkana hii hii, ndiko serikali ya kikoloni ilikompeleka Makhan Singh mwaka 1950 kwa kuwa aliwaunganisha wafanyakazi. Hakuachiwa huru mpaka 1961. Yeye alidai makubwa. Sisi leo twadai kwamba shahidi asikizwe na pande zote mbili. Je, hilo nalo ni kubwa mno?

UMOJA NI NGUVU.