Kituo Kiko Sekunde ya Thelathini na Mbili

Shemeji yangu ana miaka kumi na ushee Chicago, na garini mwake nyimbo zilikuwa za Mbaraka Mwinshehe tu, ukitoa Mbaraka anarudisha Mbaraka. Kwa hiyo nilishangaa usiku mmoja wa Januari aliponiambia, "Shemeji, vaa koti zito. Leo nakupeleka ukasikie wazee wa huku wanavyolia na gitaa." Tukaenda kwenye baa moja upande wa kaskazini wa jiji. Mlango mwembamba, kiingilio unamlipa taslimu jamaa aliyekaa kwenye stuli ndefu, naye anakugonga muhuri mgongoni mwa mkono. Ndani hatukuzidi watu arobaini. Jukwaa lilikuwa hatua moja tu kutoka sakafuni.

Mpiga gitaa alikuwa mzee wa suti ya kahawia, miwani imemshuka puani. Kwenye wimbo wa tatu, kama si wa nne, uzi ukamkatikia. Hakusimamisha wimbo. Alimtupia jicho mpiga besi, besi ikashuka ikawa ya kunong'ona, naye akaendelea kuimba huku vidole vinafungua uzi uliokatika, vinatoa mpya mfukoni mwa koti, vinaupenyeza kwenye tundu lake na kuanza kuuzungusha kwenye kigingi. Kila akiukaza kidogo anaugusa: ting. Anaukaza tena: ting, imepanda. Baada ya muda tukagundua kwamba hizo ting ameshaziingiza kwenye wimbo. Anaimba mstari, uzi unamjibu ukiwa bado haujakaa sawa, anautazama kama mtu aliyejibiwa utumbo, anaukaza, anauliza tena. Watu walicheka mpaka basi. Ulipofika mahali pake alipiga sauti moja ndefu, na baa nzima ikapiga yowe.

Shemeji alikuwa anarekodi kwa simu. Kesho yake nikaikuta klipu kwenye grupu la familia, sekunde ishirini hivi: uzi umeshakaa, mzee anapiga, glasi zinagongana. Chini yake maneno: "Chicago hapa, baridi balaa." Jina la mzee halimo. La baa halimo. Mashangazi wakajibu kwa dole gumba na kuulizia watoto.

Nimeanza na klipu hiyo kwa sababu swali la kama mtandao unamwinua mwanamuziki wa namna hii au unamnyonya hujibiwa haraka mno. Anayesema unamwinua atakutajia idadi ya watazamaji. Anayesema unamnyonya atakutajia senti. Naona wote wawili wanahesabu kitu cha pembeni. Kujulikana kunamfaa msanii pale ambapo aliyemjua anaweza kumfikia, na yeye akajua waliomjua wako wapi. Mtandao umekuzidisha kujulikana mara milioni, ukaiacha njia ya kufikiana ikatike kama ule uzi.

Tumalizane kwanza na hizo senti. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi kwenye Spotify. Ukifikisha, kila usikilizaji mmoja huingiza sehemu ndogo tu ya senti ya Marekani, na hiyo hupitia kwanza kwa mwenye haki ya rekodi. Hayo yameshalalamikiwa vya kutosha. Linalonisumbua mimi ni kipimo chenyewe: usikilizaji huhesabiwa ukifika sekunde 30. Wimbo wa dakika mbili na wa dakika saba zinapata hesabu ileile.

Sasa chukua blues, muziki wa yule mzee, ile ya mwendo wa polepole, mpigo mmoja kwa sekunde. Ubeti wake wa kawaida una vipimo 12 vya mapigo manne manne, yaani sekunde 48. Mwimbaji hutoa mstari wa kwanza, gitaa linamwitikia, zimekwenda sekunde 16. Anaurudia mstari uleule, pengine kwa kukunja sauti tu, na hapo ni sekunde 32. Ndipo unaingia mstari wa tatu, ule unaojibu miwili ya kwanza, unaoeleza kwa nini mtu analia, au unaogeuza kilio kuwa mzaha. Kwa msomaji aliyelelewa na mashairi sihitaji kueleza zaidi: hicho ndicho kituo cha ubeti. Mashine imeshafunga hesabu yake sekunde mbili kabla kituo hakijaanza kuimbwa.

Huenda mtu akasema natafuta kisa. Lakini fuata mantiki yake. Kama pesa iko sekunde ya 30, mtunzi mwenye akili atasogeza utamu mbele, na muziki mwingi wa siku hizi umefanya hivyo: kiitikio mlangoni, utangulizi hakuna. Blues haiwezi. Ukiinyang'anya kurudia na kusubiri, inabaki gitaa na malalamiko. Yule mzee angefanyaje mchezo wa uzi ndani ya nusu dakika? Utamu ulikuwa kwenye kuchelewa.

Na malipo ya ukumbini yana akili ambayo mashine haina. Aliyekaa kwenye taarab Unguja au Mombasa anaijua: bibi anainuka kitini pale mstari unapomgusa, au unapomgusa jirani yake, anakwenda kwa madaha na noti mkononi, anatunza, anarudi huku anamtazama fulani. Noti ile inamwambia mwimbaji ni neno gani limefika na limefika kwa nani. Kule Chicago palikuwa na ndoo ya plastiki ukingoni mwa jukwaa, na baada ya mchezo wa uzi ilijaa. Mzee akajua sababu.

Wapo wanaodhani enzi za zamani wanamuziki wa blues walikuwa safi, hawakujitangaza, walisubiri kugunduliwa shambani. Hadithi tamu, na si ya kweli. Novemba 1941, mjini Helena, Arkansas, kando ya mto Mississippi, kituo cha redio cha KFFA kilianzisha kipindi cha King Biscuit Time. King Biscuit ni unga wa ngano. Sonny Boy Williamson, aliyekuwa akipuliza kinanda cha mdomo, na Robert Lockwood Jr. wa gitaa walipiga saa sita na robo mchana, wakati wafanyakazi wa mashamba ya pamba wamepumzika kula. Baina ya nyimbo unasifiwa unga. Baadaye ukauzwa hata unga wa mahindi wenye picha ya Sonny Boy kwenye mfuko. Kivutio kikubwa kwao kilikuwa ruhusa ya kutangaza hewani usiku ule watapiga wapi.

Upande wa Memphis, mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana B.B. King aliingia redio ya WDIA kwa mlango huohuo. Aliimbia tangazo la dawa ya nguvu iitwayo Pepticon, akapewa dakika chache za kupiga. Mwenye klabu moja ng'ambo ya mto, West Memphis, alikuwa tayari kumpa kazi kwa sharti moja: apate nafasi redioni, aitangaze klabu. Kwa hiyo alifanya kile ambacho leo vijana wetu wanakichukia, kupiga bure "upate jina". Kwake kililipa. Tofauti iko wapi?

Iko kwenye umbali. Aliyesikia tangazo la mchana aliweza kufika usiku, kwa lori, kwa basi, hata kwa miguu. Redio haikumjua msikilizaji hata mmoja kwa jina, ila karibu wote waliishi pale ambapo mwanamuziki alikuwa anakwenda kupiga. Sauti na mlango vilikuwa katika wilaya moja, tuseme. Klipu ya leo inatazamwa Osaka, Nairobi na Oslo, halafu Jumanne usiku baa ina watu kumi na wawili. Ajabu ni kwamba majukwaa ya mtandaoni yanamjua msikilizaji kuliko redio ilivyowahi kuota: mji wake, simu yake, saa anayolala. Msanii huonyeshwa tu kwamba ana wasikilizaji kadhaa katika jiji fulani. Kuwafikia ili awaambie anakuja Ijumaa ni habari nyingine, na mara nyingi ni ya kulipia tangazo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolilia viwango vya mirabaha peke yake. Ongeza kiwango mara mbili: mwenye usikilizaji elfu mbili ataongeza bei ya kahawa moja au mbili. Mpe njia ya kuwafikia watu mia tatu wa jiji moja wanaompenda, amepata usiku mzima wa kiingilio. Bandcamp, iliyoanza 2008, iliielewa nusu ya jambo hili. Hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, na msanii hupata barua pepe za walionunua. Ni kampuni nayo, imeshauzwa mara mbili tangu 2022, sina haja ya kuipamba. Lakini orodha ya barua pepe mia tatu ni mali ambayo msanii huondoka nayo hata duka likifungwa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili nisiyoweza kuikwepa. Christone Ingram, anayeitwa Kingfish, amezaliwa 1999 Clarksdale, Mississippi, na video zake za utotoni, mtoto mnene mwenye gitaa linalopigwa kama la mtu wa miaka hamsini, zilizunguka dunia kabla hajawa na albamu. Bila mtandao nisingemjua. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2019, mkongwe wa blues Buddy Guy akiwa mgeni ndani yake. Ya pili, 662, ilishinda Grammy mwaka 2022. Huo si ushindi wa klipu?

Ni ushindi wake kiasi. Ila tazama kilichokuwa nyuma ya klipu. Mtoto huyo alifunzwa kwenye madarasa ya Delta Blues Museum ya mjini kwao, akakulia kwenye klabu za Clarksdale mbele ya watu wanaojua blues na wasiodanganyika. Mtandao ulionyesha kitu ambacho kumbi zilikuwa zimeshakipika. Na kampuni iliyotoa albamu zote mbili, Alligator Records, ilizaliwa 1971 kwa sababu karani mmoja wa kampuni nyingine ya santuri, Bruce Iglauer, alizoea kwenda Jumapili alasiri kwenye baa ya Florence's, kusini mwa Chicago, kumsikiliza Hound Dog Taylor. Bosi wake hakutaka kumrekodi Taylor. Iglauer akachukua dola 2,500 za urithi, akatoa nakala 1,000, akazipakia garini na kuzungusha redio moja baada ya nyingine. Mtu alikuwemo ndani ya baa, akaona, ndipo akaanza kutangaza. Hata jina la albamu ile ya Grammy, 662, ni namba ya eneo ya simu za kaskazini mwa Mississippi. Kijana anayesikilizwa dunia nzima amebandika kwenye jalada anwani ya kwao.

Kumbi hizo zikifa, mtandao utaonyesha nini? Soko la Maxwell Street, Chicago, lilikuwa likijaa kila Jumapili wanamuziki wenye amplifaya, umeme wanauvuta kwa waya mrefu kutoka dirisha la nyumba ya jirani na kumlipa mwenye nyumba kidogo. Mwaka 1994 soko likahamishwa kupisha upanuzi wa chuo kikuu. Klipu za zamani za mtaa ule zipo hadi leo na zinapendwa sana. Wa kuvuta waya hayupo.

Kwa hiyo waandaaji wanaouliza idadi ya wafuasi kabla ya kumpa msanii siku ya kupiga, na huku kwetu nao wapo, wananunua kipimo kibovu. Wamuulize ana wafuasi wangapi wanaoweza kufika kwa daladala. Na sisi wenye simu tuna deni dogo, la kuandika: jina la anayeimba, jina la mpiga besi kama unalo, ukumbi, anapiga tena lini. Ni maneno kumi.

Usiku ule, kabla ya mapumziko, yule mzee alivua miwani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kutusomea atapiga wapi wiki ile: Jumanne kule, Alhamisi kwingine, Jumapili kanisani, "huko ni bure lakini msinywe kwanza". Niliposhuka kwenda kumpa mkono nikamwomba jina lake, herufi kwa herufi. Akageuza kikaratasi cha kuwekea glasi, akaandika jina kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya simu ya nyumbani. Shemeji akachungulia begani kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili kama mzee hana Instagram. Kisha akamuuliza mzee mwenyewe kwa Kiingereza. Mzee akasema anayo, mjukuu ndiye anayeishika, kisha akakigonga kile kikaratasi kwa kidole pale kwenye namba.