Mwaliko wa kambi si barua ya posa

Kesi ya mwezi huu, nakiri, mwanzoni ilinichekesha. Dada mmoja, Mtanzania anayeishi Texas na mumewe, aliniandikia hivi: "Dada, mume wangu ana nyumba ndogo. Inaitwa softiboli."

Binti yao ana miaka 15 na ni mrushaji mzuri. Kwa wasioujua mchezo, softiboli ni ndugu wa besiboli, ulizaliwa Chicago mwaka 1887. Mpira wake ni mkubwa kidogo na mrushaji huutupa kwa mkono unaopita chini, akiwa mita 13 tu kutoka kwa mpigaji. Msidhani ni rede ile tuliyocheza uani! Ukiuona unavyokuja utakimbia.

Basi baba mtu kaona njia. Mtoto akichukuliwa na timu ya chuo, masomo bure. Kila wikiendi wako barabarani: mashindano, hoteli, ada ya timu, kocha wa binafsi. Siku ya kutimiza miaka 18 ya ndoa waliisherehekea kwenye benchi la uwanja, vumbi tupu, na soseji mkononi. Mama akilalamika anajibiwa, "Nawekeza, mke wangu."

Nikamuuliza swali moja: mmeshawahi kukaa chini mkapiga hesabu? Hawajawahi.

Jamani, hesabu zenyewe hizi hapa. Kwa miaka mingi chuo cha Daraja la Kwanza kiliruhusiwa ufadhili kamili wa wachezaji 12 wa softiboli, na kocha aliugawa vipande vipande kwa timu nzima. Huyu nusu, yule robo, mwingine hela ya vitabu. Daraja la Pili ni 7.2 tu. Daraja la Tatu hawatoi hata senti kwa ajili ya michezo, ingawa wanaweza kukusaidia kwa alama zako au kwa hali ya familia. Ni kweli mambo yalibadilika mwaka 2025 baada ya suluhu ya mahakamani: vyuo vilivyoikubali vinaweza kufadhili hadi wachezaji 25. Lakini kuruhusiwa kutoa si sawa na kuwa nazo, hilo wanandoa mnalijua vizuri.

Namuelewa baba, sitaki aonekane mjinga. Mwaka 2024 mrushaji NiJaree Canady alihamia Texas Tech kwa mkataba wa zaidi kidogo ya dola milioni 1. Baba yeyote mwenye binti anayerusha akisikia hivyo, usingizi kwaheri. Ila mabinti kama huyo unawahesabu kwa vidole.

Kilichonishtua zaidi ni baruapepe. Kumbe baba ndiye anayewaandikia makocha kwa jina la binti! "Mimi ni msichana mwenye bidii," anaandika mtu mwenye ndevu. Makocha wanataka kumsikia mchezaji mwenyewe, na siku wakimpigia simu watajua tu. Halafu wakijibiwa mwaliko wa kambi ya mazoezi, nyumba nzima vigelegele. Shoga, mialiko hiyo hutumwa kwa wengi, na kambi unailipia. Hiyo si posa. Kocha wa Daraja la Kwanza haruhusiwi kuzungumza na binti habari za kumchukua kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Hata akishasema "nakutaka," neno la mdomo halimfungi yeye wala binti. Ni kama yule kaka anayekwambia kila mwezi wazee watakuja nyumbani. Subiri karatasi yenye kiasi cha fedha na sahihi.

Na darasani je? Kucheza Daraja la Kwanza kunahitaji masomo ya msingi 16 na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Binti anayesinzia kila Jumatatu kwa uchovu wa safari, hizo alama atazitoa wapi?

Nilimwomba mama amuulize mtoto, baba asiwepo. Alimuuliza akimsuka. Binti akanyamaza, kisha akasema anaupenda mchezo, ila anataka chuo kidogo cha karibu na nyumbani, asomee uuguzi. Mbona hujasema? "Baba atasikitika. Ametumia hela nyingi."

Hapo kicheko kiliniisha.

Nikamshauri hivi: kaeni watatu mezani, simu zote zizimwe. Andikeni mlichotumia mwaka huu, mkubaliane kiwango ambacho hamtakivuka mwakani. Binti ataje vyuo vyake mwenyewe na barua aandike yeye; baba abaki dereva na mshangiliaji. Na Jumamosi moja kila mwezi ni yenu wawili, hata iwe fainali.

Wiki iliyopita kaniandikia tena. Mume alikasirika, akasema wanamsema vibaya ndani ya nyumba yake. Siku mbili hakuna kusemeshana. Siku ya tatu usiku, taa zimezimwa, akauliza gizani: "Hicho chuo cha uuguzi, kina timu?"

Kinayo. Ni ya Daraja la Tatu. Binti ameshamwandikia kocha, kwa mkono wake.