Konje si zawadi: muji wa Benidorm unatuambia nini

Ndugu zetu wa mugodi, na ninyi mama wenye kuchunga nyumba, leo tunataka kusema juu ya muji mumoja wa mbali: Benidorm, ku Hispania, kandokando ya bahari ya Mediterania. Mutatuuliza: tuko na shida ya mushahara, bahari ya Wazungu inatuhusu nini? Inatuhusu, sababu ule muji ulijengwa na konje ya wafanyakazi.

Zamani Benidorm ilikuwa paka kijiji cha wavuvi. Wanaume wake walijulikana kwa ufundi wa kutega jodari, samaki kubwa ya bahari. Mu miaka ya 1950 ile kazi ilikuwa inakwisha. Meya wao, Pedro Zaragoza, mwenye kuingia mu kazi mwaka wa 1950, hakungoja njaa ibishe hodi. Mwaka wa 1956 muji ulipitisha plani yake, na barabara pana, kisha majengo yakaachwa kupanda juu. Kwa kuwa wageni wanawake walipenda kuoga na nguo mbili ndogo, na serikali ya Franco na maaskofu hawakupenda, yeye alipanda Vespa yake mpaka Madrid kumuona Franco mwenyewe. Wageni wakaachiwa kuoga.

Uzuri wa pale ni nini? Kuko mchanga murefu pande mbili, Levante na Poniente, na mutaa wa zamani katikati, juu ya jiwe. Nyuma kuko milima yenye kuzuia upepo wa baridi, kwa hiyo hata wakati wa baridi ya Ulaya, pale jua linawaka. Oteli ni nyingi na bei si ya kuua mutu. Moja, Gran Hotel Bali, iko na urefu wa metre 186. Matajiri wanaucheka ule muji, wanasema ni makelele na sima tupu. Sisi hatucheki. Mutu mwenye kukaa mwaka muzima mu fabriki ao chini ya udongo anapenda jua na maji kama tajiri.

Lakini mufanyakazi alitoa wapi siku za kwenda kule? Hakuna patroni aliyemupa kwa huruma. Mwaka wa 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, wakapata wiki mbili za konje yenye kulipwa. Mwaka ule ule Ubelgiji iligoma, na wachimba makaa walikuwa ndani, wakapata siku sita. Uingereza ilitoa sheria yake mwaka wa 1938. Bila zile siku, ndeke za kwenda Benidorm zingebeba nani?

Na tusisahau: ile Ubelgiji njo ilikuwa inatutawala. Mu Desemba 1941, miaka mitano tu nyuma ya zile siku sita, wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara ku Elisabethville, wakapigwa risasi. Haki ya kule haikupanda meli kufika huku.

Leo sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inatupa angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Lakini wangapi wanaziona? Wale wa sutretansi, mukataba wao unakatwa mbele mwaka haujatimia, kisha wanaandikwa upya kama wageni. Wengine wanauza konje sababu ya minerval ya watoto. Tunawaelewa: mutoto mwenye kufukuzwa ku masomo hangoji. Lakini mushahara wenye kulazimisha baba auze mapumziko yake ni mushahara mubaya, na pale njo tunapashwa kupigania. Vumbi na kazi ya usiku havipunguke mu mwili sababu mutu alilipwa.

Hata Benidorm yenyewe iko na somo lingine. Wanawake wenye kusafisha vyumba vya oteli ku Hispania wamejiunga chini ya jina la Las Kellys, kwa sababu oteli nyingi ziliwatupa mu mikono ya kompanyi za kati, na mushahara ukashuka. Wenye kutandika vitanda vya konje ya wengine, nao wanapigania haki zao. Sutretansi ni ile ile.

Kwa hiyo tunaomba kila delege adai tarehe za konje ziandikwe ku ukuta tangu mwezi wa kwanza, na kila mutu wa sutretansi ahesabiwe kuanzia mukataba wake wa kwanza. Hatulazimike kwenda kuona bahari. Kuko mama ku kijiji anatungojea, na watoto wenye kutujua paka usiku, tukiwa tumelala.