Wahitimu Wasiachwe Vijiweni

Kila mwezi Mei vijana wa Kidato cha Sita hufanya mitihani yao ya mwisho. Vyuo vikuu hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Sharti hilo limekwisha, lakini hoja yake ingali hai. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, hujaza sehemu tu ya muda huo. Miezi inayobaki, mtoto wa mkubwa hupata nafasi ofisini kwa simu ya mjomba. Wa mkulima hubaki kijiweni. Hapana budi kila ofisi ya wilaya ibandike hadharani nafasi za kujitolea, na wakuu wa shule wawatangazie wanafunzi kabla hawajatawanyika. Umma umewasomesha wote. Mlango wa kazi usiwe wa wachache.