Kiti Kisiheshimiwe Kuliko Mtu

Mpwani aendaye Lodwar kwa njia ya Kitale hupita karibu na mto Turkwel. Garini mna vumbi, maziwa na nyama ya mbuzi. Wako wenye magari ambao, kwa kuogopa madoa, huvisha viti vyao vya kitambaa nailoni. Kiti husalimika, lakini kwa joto la Turkana abiria hutota jasho.

Heri kitambaa cha pamba, kivuliwe na kufuliwa. Vumbi likung'utwe kwanza, lisigeuke tope; maziwa na damu vioshwe kwa maji baridi, kwani ya moto huyagandisha madoa. Tena damu ni najisi: jasho likilowesha doa, kanzu haisaliwi. Usafi wa kiti si urembo. Ni haki ya abiria.