Kidole Kikiumia, Mwili Wote Haulali

Ukijikwaa kidole usiku, mkono hukishika, jicho hutafuta jeraha, na mwili mzima hukosa usingizi. Kwa mfano huo wa mwili na viungo vyake, Mtume Paulo aliwaeleza Wakristo wa Korintho kanisa ni nini.

Sasa tazama Garsen. Misheni za Golbanti na Ngao, kando ya Mto Tana, zilianzishwa miaka ya 1880, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Hicho ni kiungo kikongwe cha mwili huu! Lakini Tana ulipofurika mwaka 1997, na tena mwaka 2023, ukazoa mashamba ya Wapokomo, ni waumini wangapi wa mjini waliokosa usingizi?

Kiungo kisichosikia maumivu ya mwenzake kimekufa ganzi.

Basi leo, kabla ya harambee ya vipaza sauti vipya, uliza kanisani kwako: mafuriko yajayo yakipungua, nani atawapelekea ndugu zetu mbegu? Na mkitoa, msiwaruke majirani zao Waorma, ambao wengi ni Waislamu. Maji hayaulizi mtu dini yake. Au wewe waonaje?