SAUTI YA MWANANCHI SI MALI YA TUME

Tume ya Serikali ikija huku Kasulu, watu wa Nyarugusu huacha majembe kwenda kusema. Wakisha kusema, tume huondoka, na maneno yao huondoka nayo. Kikirudi kitu, ni kitabu cha taarifa tu.

Tukumbuke Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ya mwaka 1991. Iliwasikiliza watu zaidi ya 36,000, na kama 80 kwa mia walitaka chama kimoja kiendelee. Lakini wengi wa hao hao walitaka pia mageuzi. Tume ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Basi hesabu peke yake haikutosha. Uzito ulikuwa katika maneno yenyewe. Leo, baada ya miaka zaidi ya 30, mjukuu wa msemaji atayasikia wapi?

Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo ipo. Twadai zifuatwe: kila mkutano wa hadhara wa tume unaswe sauti, na nakala iwekwe wilayani, asikilize atakaye. Aliyesema faraghani kwa kuhofia usalama wake alindwe.

Ndugu wanachama, lililosemwa hadharani lisifanywe siri. Kila tawi lipeleke dai hili wilayani kwa maandishi. Mwenye kuandika taarifa ataandika kweli akijua kwamba waliosema wanaweza kumsahihisha.